Kaluki na Mbwa Waliokataa Kukua

Mchungaji, wazee, majirani wa Theta na jamaa mliotoka Ngoliba, naitwa Nzioki, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa mnaonijua mnashangaa kwa nini ni mimi.

Kaluki Kitonga alizaliwa tarehe 4 Aprili 1971 huko Ngoliba, kifungua mimba wa mzee Kitonga na mama Syokau, mimi nikamfuata baada ya miaka mitatu. Alisoma shule ya msingi papo hapo hadi 1985, akamaliza sekondari mjini Thika mwaka wa 1989, akasomea afya ya mifugo, na kuanzia 1993 akatibu ng'ombe wa Thika na Ruiru kwa miaka ishirini, akisifiwa kila boma nililopita. Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Philip, wakajaliwa Carolyne na Kitonga.

Mwaka wa 2013 alihamia hapa Theta akaanza kufuga mbwa aina ya German shepherd, wakati mimi nilikuwa nimewafuga Mwiki kwa miaka sita, na dume wake, Jemedari, akashinda kila maonyesho niliyotoka mikono mitupu. Nilimwonea wivu dada yangu, na leo nalisema mbele ya jeneza lake. Hata hivyo nilimwomba binti mmoja wa Jemedari, akanipa.

Februari 2018 watoto wawili wa Jemedari walikataa kukua, wakiwa na miezi mitano walitoshana na paka, manyoya yao ya utotoni yakinyonyoka, na Kaluki, badala ya kuwaficha, akatuma damu ya mbwa wake wote kwenye maabara ya ng'ambo, ikaonekana kwamba Jemedari na mama wa wale watoto walibeba kasoro ya kurithi, wao wenyewe wakiwa wazima kabisa. Alimpigia simu kila aliyechukua mbwa kwake. Kwangu alikuja mwenyewe, akasema, "Nzioki, anayeibeba si mgonjwa, shida ni wawili wakikutana, tafadhali mpime huyu kabla hujampandisha."

Nikamjibu, "Umeona nimeanza kujulikana, ndio unataka nifunge banda."

Akaondoka bila kunywa chai. Mimi nikawaambia wateja wake kwamba mbwa wa Theta wamelaaniwa, wengi wakanihamia, nikampandisha yule binti wa Jemedari bila kumpima, kwa dume ambaye pia sikumpima, na Septemba 2019 akazaa sita, mmoja akabaki kimbilikimo, mgongo mtupu, akinywa maji bila kukata kiu. Nilitaka auawe kabla watu hawajamwona. Carolyne alimwona, akamwambia mamake, na Kaluki akaja, nikangoja anicheke, naye akauliza tu, "Anakula?"

Alimfunga kwa leso, akaenda naye, akamtunza miaka mitatu hadi alipokufa, wala hakumwambia mtu alitoka banda la nani, ninyi mnasikia leo kutoka kwangu. Niliuchukia hata huo wema, kwa maana niliona amenishinda tena, na ikanichukua mwaka mzima kupima mbwa wangu, nikifuata karatasi ya maelekezo ya maabara aliyoniandikia yeye.

Juni 2023 alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa Thika na Nairobi, akaendelea kuwashauri wafugaji kwa simu hata sauti ilipopungua, hadi Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alipoaga dunia nyumbani, Philip akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Theta mliopika na kukesha nasi, wenzake wa idara ya mifugo, na wafugaji mliofika kutoka Ruiru yote. Nikiwatazama mlivyojaa, moyo wangu unauliza ni wangapi watakuja kwangu, na hiyo ndiyo tabia yangu, dada yangu aliijua akanipenda nayo.

Kaluki, ulistahili yote. Pumzika vyema, dada.