Oili Niliyomnywesha Maksai

Jumapili, tarehe 14 Juni. Upepo mkavu tangu asubuhi, mbingu nyeupe, vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Leo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikutana ndani ya godauni la zamani la ushirika hapa Mwamapalala, na mama mwenyekiti akanitaka nitoe ushuhuda wa gari langu. Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba sina hakika niliingia kwa akili au kwa huruma ya mwalimu. Lakini nilisimama. Naandika nilivyosema, nisijiongezee.

Nilisema hivi.

Mwangaluka, ndugu zangu. Mnanifahamu. Mimi ndiye niliyeuza maksai wa plau nikanunua pikapu ya moshi. Mlinicheka, na kwa haki kabisa, ingekuwa mwingine hata mimi ningemcheka. Sikuja kuwalaumu. Lakini kuomba radhi pia sikuja.

Mnakumbuka lori la ushirika lilivyokuwa likija kuchukua pamba kwenye godauni hili hili. Soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, lori likapotea. Anayetaka bei ya maana apeleke mwenyewe Bariadi. Nikasema, basi mwenye gari ndiye atakayelima bila jembe. Nikauza maksai wote. Kaka yangu, ambaye amekaa pale nyuma, alikuja akalizunguka gari, akapiga tairi teke.

"Ngosha," akasema, "maksai akifa tunamla. Huyu wako akifa, utamtafuna wapi?"

Tangu siku hiyo gari likaitwa Maksai. Hata watoto wangu wanaliita hivyo.

Sasa habari ya oili. Zamani oili ilikuwa moja, ya kwenye pipa. Ukiipata uliipokea kwa mikono miwili, huulizi namba wala rangi. Sisi tumelelewa kwenye kukosa, na aliyelelewa kwenye kukosa hajui kuogopa kuzidi. Leo maduka ya Bariadi yana makopo mekundu, makopo ya dhahabu, na vichupa vya dawa ya injini vyenye picha ya farasi anayekimbia. Mimi nilisimama mbele ya rafu zile kama mtu aliyealikwa harusi asiyoijua. Nilichojua ni kimoja: gari kuukuu lina kiu, linyweshe.

Stata ya Maksai ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo nilikuwa namlaza kwenye mteremko nyuma ya nyumba, pua ikitazama mbugani. Asubuhi naachia breki, anaserereka, naingiza gia, anawaka. Mlikuwa mnanisikia. Na kila asubuhi, kabla sijaachia breki, nilichomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili haikufika hata ile ya chini. Nikaongeza mpaka ikagusa ya juu. Safari moja, mbili, imeshuka. Nikaongeza tena.

Maksai akaanza kutoa moshi wa bluu. Akavuja mbele, akavuja nyuma. Mkipanda na magunia yenu mlishuka mnanuka kama taa ya chemli. Mke wangu akaniambia, "Baba, gari hili linakunywa kuliko wajomba zako."

Nikaenda kwa fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ringi za pistoni zimelika. Hii inataka ovaholi."

Ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuiunda upya, sikuiweza. Nikaenda dukani, muuzaji akanipa kichupa cha farasi. "Dawa ya injini zilizozeeka," akasema. "Inaziba, inanyamazisha." Ilikuwa nzito kama asali. Nikaimimina juu ya oili ile ile, na nilipoona moshi haupungui nikamimina kingine.

Nisiwasingizie watu. Ringi zilikuwa zimelika kweli, fundi hakudanganya. Na muuzaji naye hakudanganya, yupo jirani yetu ambaye dawa ile ilimsaidia, namwona hapa anatikisa kichwa kukubali. Lakini kwangu injini ikawa nzito asubuhi, stata ikashindwa kabisa, nikazidi kuutegemea ule mteremko. Kumbe mteremko ndio ulikuwa unanidanganya. Subirini, nitafika.

Msimu wa kulima nikaazima maksai wa kaka. Alinipa, na maneno yake akanipa pia. Akasema, "Mwenye gari analimiwa na asiye nalo. Mimi sijasoma, hesabu hiyo nieleze wewe." Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi ni mjinga. Ng'ombe sina, gari linakufa, shamba ni la kuombaomba. Nikakubaliana na mke wangu na kaka: pamba ikivunwa, mzigo mmoja tu, kisha naliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale mjini. Mnunuzi naye akasema sawa, ukishusha pamba niachie ufunguo.

Basi ikafika siku ya mzigo huo. Tukafika Bariadi kwenye uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba, tukakuta foleni ya malori. Nikazima injini. Kila foleni ikisogea tunamsukuma Maksai kwa mikono, maana uwanja ule ni wa saruji, umelala sawa kama meza. Jua likapanda, injini ikapoa. Nikachukua kopo langu la oili, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti ili niongeze kwa mazoea.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Haikuwa kidogo. Kijiti kilikuwa kimeloa mpaka karibu na mshikio.

Nikakifuta kwa shati, nikarudisha, nikachomoa. Vile vile. Nikadhani macho yangu yameharibika. Nikakaa chini kwenye kivuli cha gari na chupa yangu ya maji, imebaki nusu. Nikaigeuza ilale kama Maksai anavyolala nyumbani, mdomo chini kidogo. Maji yakakimbilia mdomoni, kule kwenye kitako pakabaki pakavu.

Kijiti cha Maksai kinaingilia nyuma ya injini.

Mmeelewa? Kila asubuhi nilikuwa napima mahali ambapo oili ilikuwa imepakimbia. Naona pakavu, naongeza. Injini imejaa mpaka inatapika, nami namwona ana kiu. Moshi ule mwingi ulikuwa wa oili yangu mwenyewe.

Lakini ngojeni, hapo sikuwa na hakika. Mimi ni nani nimpinge fundi? Ringi zimelika, alisema. Na mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshafika getini, namwona, anazungusha mnyororo wa funguo kidoleni. Nikaenda kwa dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu, mtu wa Lamadi, nikamwomba spana na karai.

"Unataka kufanya nini?"

"Kupunguza oili."

Akawaita wenzake. "Njooni muone. Gari linakufa kwa kukosa oili, mwenyewe analitoa damu."

Wakacheka. Mmoja akasema nimwachie Mungu. Mnunuzi wa vyuma akasema, "Mzee, usijichafue, mimi nalichukua hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Hulichukui." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Sikuwa na uhakika hata nusu, lakini nikalala chali kwenye saruji, nikafungua nati ya chini, na oili ikatoka nyeusi, nzito kwa ile dawa, ikajaza karai ikamwagika. Niliiachia yote. Yule dereva alipoona karai linamwagika, akaacha kucheka. Akaenda kwenye lori lake akaleta ndoo.

Nikanunua oili mpya, ya namba iliyoandikwa kwenye kibati ndani ya boneti, ambayo sikuwahi kuisoma. Nikatia kidogo, nikangoja ishuke, nikapima. Kidogo, nikangoja, nikapima. Nilipofika katikati ya alama mbili nikaacha, ingawa macho yangu yalikuwa yanaona ni kidogo mno. Pamba ilipokwisha kushushwa, wale wale waliocheka wakamsukuma Maksai. Akawaka. Alitoa moshi, sisemi uongo, alitoa moshi hadi tulipotoka mjini. Ukapungua. Tulipofika hapa nyumbani mlisema gari limepita bila kutangaza.

Ringi bado zimelika. Bado anakunywa kidogo, kama mzee yeyote. Siku moja atataka ovaholi na nitampa. Lakini hakufa, na ufunguo ninao mimi.

Namshukuru mke wangu, aliyekubali kuliuza na akakubali nisiliuze. Namshukuru fundi kwa nusu ya ukweli, na dereva wa Lamadi kwa ndoo yake. Namshukuru kaka kwa maksai na hata kwa maneno, maana maneno yale yalinifanya niwe mbishi. Na ninyi mnaotaka kikundi kinunue mashine kuukuu ya kusaga, msiogope uzee wake. Iwekeni mahali palipo sawa, ndipo mpime. Na mkiona pamekauka, jiulizeni kwanza mmesimama wapi kabla ya kumimina.

Nikakaa. Walipiga makofi, wengine kwa ajili ya hadithi tu, sijui. Labda nilisema marefu.

Jioni kaka alikuja. Tulikula ugali wa mtama na sato wa Lamadi, maana siku hizi nikipeleka mzigo narudi na samaki. Kaka alikula kichwa, akala mkia, akanawa, akauliza kama kuna kingine.

"Kipo," nikamwambia. "Maksai bado hajaisha. Tafuna tu."