Historia ya Marehemu Gonga, Aliyewafundisha Wachimbaji Kusikiliza Mwamba

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye mgodi mzima ulimwita Gonga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mkubwa kati ya watoto wawili, akamaliza shule ya msingi ya hapohapo mwaka 1979, na tarehe 2 Februari 1984 akashuka mgodini, akafundishwa kuigonga dari kwa mtaimbo kabla ya kukaa chini yake, kwani mwamba mzima hulia kama kengele, uliolegea hulia kama debe. Tarehe 20 Juni 1990 alifunga ndoa, akajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2003 ofisi ilileta video ya usalama, ikamchagua marehemu aisomee maneno, kwa sauti yake nzito. Karatasi ilisema “angalia dari”; yeye alijua ni kugonga, lakini karatasi ilitoka juu, akasoma kama ilivyoandikwa. Tarehe 9 Agosti mdogo wake, aliyeajiriwa wiki hiyo na kuonyeshwa video hiyo, aliangalia dari, akaiona safi, akaketi, mwamba ukamwangukia, akafa.

Marehemu hakujisamehe. Baadaye alitengeneza video zake, binti akishika simu, kwa maneno ya wachimbaji wenyewe, bila karatasi. Wenzake walimtania kwamba nyumbani humgonga mkewe kwanza asikie kama amenuna, naye akawajibu kwamba mkewe ndiye aliyemgonga yeye, akakuta debe, akaolewa hivyohivyo. Wakacheka, na wakagonga. Tangu hapo zamu yake haikumzika mtu kwa ajili ya dari.

Vumbi haligongeki. Mwaka 2019 daktari alilikuta mapafuni mwake. Tarehe 3 mwezi huu, wodini, alitaka kurekodi video ya mwisho, juu ya kuulowesha mwamba kabla ya kuutoboa ili vumbi lisiruke, lakini maneno yalikataa, kikasikika kifua tu, dakika nne nzima, naye akamwashiria binti asizime. Alifariki tarehe 5, saa nne asubuhi.

Ofisi imeomba sauti hiyo ikatwe. Familia imekataa, na viongozi wa zamu wameahidi kuionyesha video hiyo nzima Jumatatu, kabla mtu hajashuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani usiku na mchana, majirani waliotupikia, na wachimbaji waliolibeba jeneza wakiwa wametoka zamu.

Pumzi ilikuwa haba, baba. Sasa pumzika, kwa amani.