Mkinizika, Yuditha Asiongoze Kwaya

Enock, funga hilo dirisha, pambio za watoto zinanichosha. Na wewe Loveness sogea, kaa hapa kitandani, usimwite Yuditha aje kusikiliza, maana haya ni ya damu yangu. Nisikilizeni wanangu, pumzi imekuwa fupi na maneno bado mengi.

Shule hii msiiuze wala msiigawane. Mimi na marehemu baba yenu Castory tuliianza na darasa moja la mabanzi hapa Old Korogwe, wasichana wengine wakitoka kambi za mkonge Ngombezi, wengine wakiteremka kutoka Kwashemshi na godoro kichwani. Enock, utashika uongozi. Loveness, utashika taaluma. Sala ya asubuhi isikose hata mvua ikinyesha, na mtoto wa Kiislamu akija kutoka Handeni kutafuta nafasi, mpokeeni, wala asilazimishwe kubatizwa.

Sasa Yuditha, matroni wetu. Nilimwajiri mimi, nikampa nyumba ile ya ubavuni mwa bweni, nikampa na kwaya ya shule aiongoze, na tangu hapo watoto wanamwita Mama. Mimi wananiita Madam. Siku ya wazazi, asiyepata mgeni huenda kula kwake. Mahafali yakiisha, wasichana hupita mlangoni pangu, "Shikamoo Madam," magoti wameyakunja vizuri, kisha hao, mbio kwake na vigelegele, wanamwangukia shingoni. Nimeyatazama hayo kila mwaka, moyo unanichemka kama sufuria ya makande.

Nanyi je? Niliwakataza kuniita mama ndani ya uzio wa shule, yatima asije akaona mna kitu ambacho yeye hana. Ilikuwa haki, na leo ningeamua vilevile. Lakini tuliishi ndani ya uzio! Mkakua, mkaoa, mkaolewa, na jana tu, Loveness, ukininywesha uji, uliniambia, "Madam, fungua mdomo." Halafu nikakusikia uani: "Mama Yuditha, hataki kula."

Usilie. Nilitaka kuwaagiza mumwondoe kabla udongo wa kaburi langu haujakauka.

Unasema wasichana watalia sana. Najua watalia. Na mimi, Loveness, watanililia?

Unaninyooshea shuka tu. Haya. Nilikulea vizuri, hata kudanganya hujui.

Basi abaki. Sijasema nampenda, nasema abaki, kwa kuwa mtoto wa kidato cha kwanza akishikwa na homa hugonga mlango ule, hagongi wangu, na sitaki agonge nyumba isiyo na mtu. Iwe yake mpaka atakapoichoka mwenyewe. Lakini mkinizika, asiongoze kwaya. Asimame nyuma, alie kama watu wengine. Siku hiyo moja asinichukulie.

Nizikeni kando ya baba yenu. Msigombane mbele ya walimu... Enock, niinue kidogo. Taratibu... Nani anabisha hodi? Ni yeye. Namjua, anaburuta kandambili. Mwambieni asubiri. Asubiri hukohuko nje, kwanza nimalize. Leteni vichwa vyenu hapa, chini ya mkono wangu... wote wawili... Mungu awatunze. Mpendane... mzae, mlee, mzeeke pamoja... Niliyewazaa ni mimi. Mimi. Amina.

Haya... sasa mfungulieni.