Samaki wa Mkaguzi

Sikuwa nimetega sikio; basi lilijaa na ndoo ya muuza samaki ilikuwa juu ya kiatu changu, sasa ningekwenda wapi? Ndani yake samaki hai walikuwa wakipiga mikia. Mama muuzaji mwenyewe alikuwa akimchangamkia jirani yake wa kiti, bwana mmoja aliyevaa sare ya kiwanda cha dawa.

“Nyinyi ni wateja wangu, kaka. Kila mkaguzi wa mazingira akija, mnaniagiza samaki hai. Huyo mkaguzi anapenda samaki kweli!”

Bwana alipandisha mkoba, akafunika nembo ya kifuani. “Hawali, dada. Tunawatia kwenye bwawa la mwisho, yanapopita maji ya kiwanda kabla ya kutoka. Akiona wanaogelea, anaamini maji yamesafishwa.”

“Na wale wa mara iliyopita?”

 Bwana akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na ukuta mtupu. “Walikufa siku ileile,” alisema. “Mtambo wa kusafishia ni mbovu. Mimi natumwa tu, dada. Mjumbe hauawi.”

“Hauawi, ila samaki wangu ndio wauawe?” Mama alishusha sauti. “Na hayo maji yakitoka bwawani yanakwenda wapi?”

“Mtoni.”

“Mto huu tunakochota maji?”

Bwana akaanza kuvichunguza viatu vyake. Hata mimi nikavichunguza vyangu.

Konda akaita, “Kiwandani, getini!” Bwana akasimama, akainama amsaidie mama ndoo, maana wote wawili walikuwa wanashukia hapo. Mama akaikumbatia kwa mikono miwili. Basi lilikuwa limesimama, mlango uko wazi, na hakuna aliyeshuka.