Ziwa la Fundi Benjamini

Benchi la Mtaa wa Mahiwa liliegemea ukuta wa duka la Ubeid, na kila Jumamosi alasiri lilijaa watu wa kahawa. Siku hiyo, mwaka ambao mabehewa ya reli ya Uhuru yalikuwa bado yananukia rangi, Benjamini alifika na shanta ya turubai aliyoazima kwa mpwa wake wa JKT. Alikuwa fundi cherehani. Ushirika wao wa ushonaji ulikuwa umempa likizo ya wiki mbili, naye alitaka kitu ambacho hajawahi kukifanya: atembee kwa miguu, mzigo mgongoni, mpaka alione ziwa.

— Nenda Tanganyika, alisema Ubeid, waliyemwita Mzee Ramani kwa sababu ya ramani ya nchi iliyotundikwa dukani kwake. Lile ziwa halina sakafu, bwana. Ukidondosha kijiko leo, Jumatano kinaokotwa Kongo.

Filbert, fundi baiskeli, ambaye kijiweni ni Injinia, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Acha fiksi, Mzee Ramani. Mtu ndiyo kwanza anaanza safari, unampeleka shimoni? Aende kwetu Nyasa. Atembee ufukweni toka Mbamba Bay, wala chakula asibebe. Saa saba mchana samaki wanaruka wenyewe, wewe unafungua shanta tu.

— Wameshakaangwa? akauliza Ubeid.

— Wa Liuli, ndiyo. Jua la kule si mchezo.

— Basi Natron, akasema Ubeid. Maji mekundu! Ukitumbukiza mguu wenye kiatu, unautoa na soksi tu.

— Na ukiwa peku? akauliza Filbert.

Ubeid akanywa funda moja, akafikiri.

— Unautoa na soksi vilevile.

Benjamini alicheka nao, ila moyoni hakutulia. Likizo inaanza Jumatatu, na bado hajui kama njiani kuna mlima wa kupanda, wala atalala wapi.

Hapo akafika Tatu, mwalimu wa Mchikichini, aliyekuja kuulizia gauni lake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akasimama, akasikiliza ziwa moja baada ya jingine.

— Fundi, mkeo mama Celina si kwao Tukuyu? Na kule si kuna ziwa mlimani? Yeye anasemaje?

Filbert akamtazama Ubeid. Ubeid akatazama kikombe. Benjamini alihisi masikio yake yanawaka. Mwezi mzima amepanga safari hii bila kumwambia mkewe, na shanta ameificha kazini. Miaka kumi na minane amemwahidi Scholastika kwamba mwakani wataenda kuwasalimia kwao. Baba mkwe alikufa akiwasubiri.

Akainuka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta Scholastika anapembua mchele. Akaiweka shanta sakafuni, akasema yote. Scholastika hakuinua uso mpaka mchele ukaisha.

— Linaitwa Ngozi, akasema. Liko ndani ya mlima. Unapanda msituni, tope na mizizi. Mama alinipeleka nikiwa na miaka tisa.

— Mtu ambaye hajazoea ataweza?

— Akiwa na wa kumwonyesha pa kukanyaga.

— Basi twende wote, mama Celina. Nimekukosea. Nakuomba.

Scholastika akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akafungua sanduku, akatoa sweta mbili.

— Kule baridi. Hiyo kaptula uliyovaa iache.

Walipanda treni Jumanne, na binti yao Celina akabaki kwa shangazi yake. Ijumaa walipanda Ngozi, Scholastika mbele, Benjamini nyuma, anateleza na kushika mizizi. Kileleni ukungu ukafunguka na maji yakaonekana chini kabisa, ya kijani, yametulia. Benjamini akashusha mzigo.

Scholastika alikuwa amegeukia upande wa pili, anaonyesha kwa kidole moshi uliokuwa unapanda mbali, chini ya msitu.

— Kwetu pale, akasema. Kesho tunashuka kwa mama.