Kipande cha Baba

Mtoto wa Kerubo hashibi. Anakula ugali, anakula chakula cha kuku, anakula hata maganda ya ndizi, na bado analia njaa. Kwa mumewe walisema ni amasangia: mama ametembea nje ya ndoa, ndiyo maana mtoto anaugua. Wakamfukuza.

Kerubo alikuwa akimsimulia hayo bibi mmoja aliyekaa naye kwenye basi la Kebirigo. Nyuma yao Getuma, mwuza muwa, alisikiliza bila kualikwa.

"Leo daktari amenitua mzigo," Kerubo akasema. "Kuna kipande cha urithi tunachopata kwa baba na kwa mama. Cha mama hunyamaza, kwa watu wote. Cha baba ndicho hufanya kazi. Kwa huyu, cha baba kilikatika tangu mimba ilipoingia. Si kosa la mtu."

"Cha baba," bibi akarudia. "Baba yupi?"

Getuma akaacha kutafuna.

Kerubo akacheka mpaka mtoto akaamka mapajani. "Yule yule, mama. Tazama hii pua!"

"Pua hata jirani anayo."

"Basi kampime jirani! Mimi leo nitalala usingizi."

"Na mtoto atapona?"

"Haponi. Nitafunga jiko kwa kufuli."

Basi likasimama Kebirigo. Bibi akamshika mkono. "Sasa utarudi kwa mumeo?"

"Nirudi wapi, mama? Ng'ombe wanne wa mahari walirudishwa. Chai niliyoipanda inachumwa na mke mwingine. Na binti yangu mkubwa humwita huyo 'Mama'."