Yudith Chidawali, Mkunga Aliyesubiri Choo cha Kwanza

Marehemu Yudith Nathanaeli Chidawali alizaliwa Hombolo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa wakulima wa mtama na zabibu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akahitimu ukunga mwaka 1983 na kupangiwa zahanati ya kijijini.

Tarehe 2 Februari 1985 alifunga ndoa na Mwalimu Silvano. Mwaka uliofuata walimpata Cornel. Siku mbili mtoto hakupata choo. Ya tatu tumbo likavimba, akatapika kijani. Wakubwa wakasema ni chango. Yudith, pamoja na elimu yake, alikubali, akamnywesha mizizi. Cornel alifariki akiwa na siku tisa. Yudith hakumlaumu mtu. "Mimi niliyesomea ndiye niliyechelewa," alisema, na uchungu huo haukumtoka.

Tangu hapo hakuna mzazi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla mtoto hajapata choo cha kwanza. Walimtania "Mama Choo", naye aliitika. Kina mama walimpelekea nepi yenye choo mkononi: "Shikamoo mama, cheti chetu hiki hapa!"

Mwaka 2009 Mwajabu, mzaliwa wa Kondoa, alijifungua Naima. Siku ya pili ikaisha bila choo, tumbo likaanza kujaa. Mama mkwe alikwisha kuchemsha dawa ya chango. Yudith akasimama mlangoni.

"Dawa hiyo nilimpa wangu, mama, nikamzika. Huyu twende naye mjini."

Alimpeleka mwenyewe. Madaktari walikuta sehemu ya chini ya utumbo haina mishipa ya fahamu, hivyo haisukumi choo. Walimfungulia njia ya choo tumboni. Baada ya miezi minane wakakata kipande kibovu na kuunga kizima. Naima sasa yuko kidato cha tatu, na leo yuko nasi hapa.

Marehemu alistaafu mwaka 2021, akahamia mjini, mtaa wa Kikuyu. Figo zilimsumbua miaka miwili. Tarehe 7 Juni 2025 binti yake Hilda alijifungua, akampigia simu. Mgonjwa hakuuliza jinsia wala uzito.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, mama. Cheusi kama lami."

Alicheka, akaomba uji. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na Naima aliyemwita bibi. Kwa ombi lake, analazwa kando ya Cornel, aliyemsubiri miaka thelathini na tisa. Mungu awapumzishe kwa amani, mama na mwanawe.